Kangomba, skrubu na jicho lisilodanganyika

Wadau, shikeni korosho mbili zinazolingana. Moja isogezeni karibu na jicho, nyingine mbali. Ya karibu inaonekana kubwa, sivyo? Ndivyo jicho lilivyo, na kamera ya kawaida ni hivyo hivyo. Kwa picha ya harusi hakuna neno. Kwa kipimo ni balaa.

Nimeanza na korosho kwa sababu ukitaja Newala na Masasi umetaja korosho. Miaka ya 1970 miji hiyo ilijengewa viwanda vya kubangua kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Mitambo ya viwanda vya korosho vya enzi hiyo nchini ilitoka Italia na Japani. Mashine haina huruma: kisu kimetegwa kwa ukubwa fulani. Korosho ikizidi, kiini kinakatika. Ikipungua, inapita na ganda lake. Kiini kizima ndicho chenye bei. Daraja W240 maana yake ratili moja haizidi viini 240.

Sasa kisu chenyewe nani anakipima?

Turudi nyuma kidogo. Karne ya 19, mjini Jena, Ujerumani, Ernst Abbe wa kampuni ya Zeiss alishughulikia tatizo hili. Dawa yake ni rahisi kueleza: weka tundu dogo kwenye fokasi, nyuma ya lenzi, ili ipite miale inayokwenda sambamba tu. Kitu kikisogea kidogo mbele au nyuma, picha haikui wala haipungui. Hiyo ndiyo lenzi telesentriki. Gharama yake? Kioo cha mbele lazima kiwe kipana angalau sawa na kitu kinachopimwa.

Miaka ya 1920 huko Vermont, Marekani, James Hartness na Russell Porter walitengeneza mashine ya kukuza kivuli cha skrubu ukutani na kukilinganisha na mchoro. Shida yao ilikuwa skrubu za kiwanda kimoja kukataa nati za kiwanda kingine. Leo kamera zenye lenzi telesentriki hukagua skrubu, visu na vipuri kwa usahihi wa maikroni.

Na kule Newala? Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Wakulima walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ikavunja moyo, ubwiri unga ukaingia. Viwanda vingi vikanyamaza, korosho ghafi zikaendelea kupanda meli kwenda India.

Lakini mkulima hajawahi kupimwa kwa maikroni. Yeye amepimwa kwa kangomba, kipimo cha bakuli kisicho rasmi. Mtoto anadaiwa ada, mama anaumwa, msimu bado. Mnunuzi anakuja na bakuli lake na bei yake. Mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara, mizani na madaraja vikawekwa mbele. Hata hivyo mwaka 2018 serikali ilikuwa bado inawasaka wenye kangomba.

Ndiyo maana historia ya lenzi inanigusa. Kipimo kilitafutiwa jicho lisilodanganyika tangu karne ya 19. Aliyelima korosho alisubiri mizani ya haki hadi karne ya 21, na akibanwa na shida anarudi kwenye bakuli.

Mnasemaje wadau? Naomba kuwasilisha.