Wachuuzi wa Tiro na Wachuuzi wa Nyika

Wapenzi wasikilizaji, tukifungua kitabu cha Ezekieli, sura ya 27, twakuta orodha ndefu ya bidhaa. Ni bidhaa za Tiro, mji wa Wafoinike, katika pwani ya nchi iitwayo leo Lebanoni. Mna fedha, chuma, bati na pembe za ndovu. Hata Yuda na Israeli wametajwa humo, kwa kuwa walipeleka Tiro ngano, asali na mafuta.

Nchi ya Wafoinike ilikuwa nyembamba, milima nyuma na bahari mbele. Kulima peke yake kusingewatosha. Basi walikata mierezi, wakaunda merikebu, wakasafiri mbali. Hiramu mfalme wa Tiro ndiye aliyempa Sulemani miti ya kujengea hekalu. Watu wa Tiro ndio walioanzisha Karthago, kule Afrika ya Kaskazini. Kila walikofika waliacha kituo, na watu wa kuwapokea wenzao.

Huenda msikilizaji wetu wa Mutomo au wa Kibwezi akauliza, hayo yatuhusu nini sisi tusio na bahari? Ndugu, yatuhusu sana, maana nchi ya Ukambani nayo iliwahi kuwa na wachuuzi wa safari ndefu. Bahari yao ilikuwa nyika.

Wazee walikaa kwanza katika milima ya Mbooni, penye mvua na udongo mzuri. Katika karne ya 18 wengi walivuka mto Athi wakaingia Kitui, ambako mvua ni haba. Mwaka wa ukame mtu alichukua alicho nacho, kama asali, mikufu ya chuma au sumu ya mishale, akaenda kwa majirani wa Kikuyu, Embu na Tharaka kutafuta chakula. Safari hiyo iliitwa kuthuua. Kwa hiyo biashara yetu ilizaliwa na njaa, na njaa hiyo ikatufundisha kumhitaji jirani.

Ilipofika miaka ya 1840, misafara ya mamia ya watu ilibeba pembe za ndovu mabegani, zaidi ya kilomita 300, ikapita nyika ya Taru isiyo na maji, hata Rabai na Mombasa. Walirudi na nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba. Wakamba wengine walikuwa wamehamia karibu na Rabai tangu njaa ya mwaka 1836 hivi, nao wakawa wenyeji wa ndugu zao waliotoka bara.

Katika wachuuzi hao alisifika Kivui wa Mwenda, wa Kitui. Mwaka 1849 mmishenari Johann Ludwig Krapf aliifuata njia ya misafara, akapita Kikumbulyu, akafika nyumbani kwa Kivui. Tarehe 3 Desemba, akiwa huko Kitui, aliuona mlima wenye theluji. Akaliandika jina lake kama alivyolisikia kwa wenyeji wake, nalo mwaka 1920 likawa jina la koloni zima, na leo ni jina la taifa letu. Mwaka 1851 Kivui aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, na Krapf akaponea chupuchupu. Pembe za Kivui hatujui ziko wapi leo, lakini jina lile twalitaja kila siku.

Wafoinike nao ni vivyo hivyo. Aleksanda aliuteka Tiro mwaka 332 K.K., na fedha yake ikatawanyika. Kilichobaki ni kitu kidogo kisicho na uzito, yaani herufi zao 22. Wayunani walizichukua, wakaongeza za irabu, zikafika kwa Warumi, na kutoka kwao zikatufikia sisi.

Sasa tazama jinsi njia hizi mbili zilivyokutana. Kikamba kilifika Rabai kwa miguu ya wachuuzi, na huko Krapf alikijua. Mwaka 1850 Injili ya Marko ilichapishwa kwa Kikamba, kwa herufi zilizotokana na zile za Wafoinike. Na ndani ya Injili hiyo, sura ya 7, yumo mama mmoja wa Kifoinike, katika nchi ya Tiro, akimwombea binti yake. Baadaye wengine waliofuata njia zile walifika. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianza kazi Nzaui mnamo Desemba 1895.

Lakini tusifiche upande wa pili. Katika orodha ile ya Ezekieli, wanadamu nao wametajwa kuwa bidhaa. Hapa kwetu pia baadhi ya wachuuzi, wa pwani na wa bara, waliuza watu. Na katika njaa kuu ya 1898 na 1899, wake na watoto waliwekwa rehani kwa majirani ili watu wapate chakula. Shida iliyowafanya wazee wamwendee jirani ndiyo iliyowapa wengine nafasi ya kumnunua mwenye shida.

Wapenzi, leo mizigo inakwenda kwa lori na kwa reli. Ndengu za Kitui na maembe ya Makueni hufika Mombasa kwa siku moja. Lakini mama aliyekabwa na ada ya shule bado hufika sokoni na debe lake, na mnunuzi ajua wazi kwamba hawezi kurudi nalo nyumbani. Hapo ndipo tunapopimwa. Je, debe litapimwa kwa haki, au shida yake ndiyo itakayonunuliwa?

Bidhaa zetu zitaliwa na fedha itatumika, kama ya Tiro na ya Kivui. Watakaokuja baada yetu watapokea njia tuliyoipita, jina tuliloliacha, na jinsi tulivyomtendea jirani aliyekuja kwetu na njaa. Tuyafikiri hayo kabla ya siku ya soko. Bwana awabariki nyote. Amina.