Safu ya prénom: historia ya kufuata mabadiliko ya daftari za kompyuta

Mwaka wa 1972 kulitokea mambo mawili, moja hapa kwetu na lingine mbali sana. Hapa kwetu, nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaïre tangu Oktoba 1971, na Mobutu akaamuru raia waache majina ya ubatizo ya kigeni, wachukue ya mababu. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Prénom ikatoka kwenye karatasi za serikali, postnom ikaingia.

Mwaka huohuo, katika maabara ya Bell huko Marekani, Marc Rochkind alitengeneza programu iliyoitwa SCCS. Kazi yake ilikuwa kutunza kila badiliko linalofanywa katika maandishi ya programu: limefanywa lini, na nani, kwa sababu gani. Ukitaka kuona maandishi yalivyokuwa mwezi uliopita, unayarudisha.

Ndugu wasikilizaji, nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu familia nyingi zinazonisikiliza zimeandikwa mara tatu, mara nne, katika kambi hii na ile. Kila mara karatasi ina maswali mengine. Je, aliyebadilisha maswali ameacha alama yoyote? Watengenezaji wa kompyuta walichukua miaka thelathini hivi kulijibu swali hilo vizuri.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alipendekeza habari zote ziwekwe katika majedwali. Kila mstari ni mtu, kila safu ni swali: jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji. Ndiyo hifadhidata tunazozijua leo, za benki, za simu, za misaada. Codd alitaka mtumiaji asilazimike kujua namna mashini inavyopanga vitu ndani yake. Wazo zuri. Lakini mpangilio wa safu wenyewe, ambao mafundi wanauita skima, haukai vilevile, maana maisha ya watu hayakai vilevile.

Watunzaji wa maandishi ya programu waliendelea kuboreka. Mwaka wa 1982 Walter Tichy alitoa RCS. Mwaka wa 1986 Dick Grune, huko Amsterdam, akaanzisha CVS. Mwaka wa 2005 Linus Torvalds, Mfini, akatoa Git, ambayo leo inatumiwa karibu kila mahali. Majedwali yalibaki nyuma. Mara nyingi fundi aliketi mbele ya mashini, akaamuru safu iongezwe au iondolewe, akaamka na kwenda zake. Sababu ya badiliko ilibaki kichwani mwake.

Haikuwa uvivu tu. Maandishi ya programu ni kama mchoro wa nyumba, unaweza kuuchana na kuurudia. Hifadhidata ni nyumba yenyewe, na watu wamo ndani. Ukiondoa safu, majibu yote yaliyokuwa ndani yake yanatoka nayo. Kurudisha mchoro wa zamani hakurudishi majibu hayo.

Mwaka wa 2003 Pramod Sadalage na Martin Fowler waliandika namna ya kufanya kazi hiyo bila kubahatisha. Kila badiliko la safu liandikwe katika faili lake dogo, lipewe nafasi yake katika mfululizo, litunzwe pamoja na maandishi ya programu. Faili zifuatwe kwa mpangilio. Desturi inataka pia faili iliyokwisha kutumika isiguswe tena. Ukiona kosa, andika nyingine mpya ya kulisahihisha. Na ndani ya hifadhidata kuwe na alama inayosema ni mabadiliko gani yamekwisha kupita.

Mwaka wa 2005 Ruby on Rails, programu ya kutengenezea tovuti, iliwaletea mafundi wengi desturi hiyo. Faili zilihesabiwa moja, mbili, tatu. Shida ikatokea upesi: mafundi wawili, kila mmoja kwake, waliandika namba tano. Wale waliowahi kuona jeton mbili zenye namba moja kwenye mstari wa chakula hawahitaji maelezo. Mwaka wa 2008 namba hizo zikaachwa, kila faili ikabeba tarehe na saa yake, hata sekunde. Liquibase ilikuwa imetoka mwaka wa 2006, Flyway ikafuata mwaka wa 2010, nazo zinafanya kazi ya namna hiyohiyo.

Mafundi wanaita kila faili ya namna hiyo migration, yaani kuhama. Jina gumu kidogo kulisoma ukiwa ndani ya hema, lakini ndilo walilolichagua.

Mwaka wa 2006 Sadalage, pamoja na Scott Ambler, alitoa kitabu kilichokazia jambo moja ninaloliona kubwa kuliko yote: safu ya zamani na safu mpya ziishi pamoja kwa muda, mpaka kila anayeitumia ile ya zamani awe amehama. Chukua prénom yetu. Baada ya mwaka wa 1990 majina ya ubatizo yalirudi waziwazi, na leo fomu zetu zina nafasi tatu: jina, postnom, prénom. Tuseme orodha fulani ilianza na safu mbili tu, na waandikaji wakabana prénom ndani ya postnom. Baadaye fundi anaongeza safu ya tatu bila kuandika popote. Mama aliyeandikwa zamani anafika, wanatafuta prénom yake katika safu mpya, hawaioni. Anaambiwa hayumo. Yumo, katika safu ya jirani. Faili ya badiliko yenye tarehe ingemwambia karani kwamba walioandikwa kabla ya siku ile watafutwe huko.

Kuna mahali ambapo hata faili nzuri inashindwa. Mwaka wa 2015 mikoa yetu 11 iligawanywa kuwa 26, na Katanga ikawa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kubadili jina la safu hakutoshi hapo. Kama orodha ilikuwa na teritware au mji, kazi ni nyepesi: Manono, Nyunzu na Kongolo ni Tanganyika, Kolwezi ni Lualaba. Kama ilikuwa na neno Katanga peke yake, hakuna amri ya kompyuta inayoweza kujua mtu huyo ni wa upande gani. Itabidi aulizwe mwenyewe, au isomwe jeton yake ya kwanza, kama bado anayo.