Wafu wa San Francisco na Mawe Yaliyopotea

Mtu anayetafuta kaburi la babu wa babu yake aliyezikwa San Francisco, nchini Marekani, katika karne ya 19 hulazimika kutafuta vitu viwili katika mahali pawili, kwa kuwa mifupa, ikiwa ilifukuliwa, ilihamishiwa Colma, mji mdogo ulio kusini mwa jiji hilo, ilhali jiwe lililobeba jina huenda limefukiwa na mchanga wa Ocean Beach. Katika ufuko huo, mwaka 2012, mmomonyoko uliibua jiwe la marumaru la mwanamke aliyefariki mwaka 1890 akiwa na umri wa miaka 26, wala hapakuwa na kaburi lolote jirani.

Maeneo manne makubwa ya makaburi yalikizunguka kilima cha Lone Mountain: Laurel Hill, lililofunguliwa mwaka 1854, Calvary la Wakatoliki, lililofuata mwaka 1860, na mengine mawili ya Masonic na Odd Fellows, yaani vyama vya udugu vilivyojitwika jukumu la kuwazika wanachama wao. Mji ulipokua hadi kuyafikia, Baraza la Wasimamizi, ambalo ndilo chombo cha kutunga sheria za jiji, lilipiga marufuku maziko mapya kuanzia Agosti 1901, na mwaka 1914 ilani za kuyahamisha zikatolewa.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya ya umma, lakini ni vigumu kuamini kwamba bei ya viwanja haikuwa na uzito zaidi. Marufuku yenyewe ilikuwa imekwisha kuyaua makaburi hayo kifedha, kwa kuwa eneo lisilouza nafasi za kuzikia halina fedha za kumlipa mfyekaji wala mlinzi. Magugu yakaota, wahuni wakavunja sanamu na milango ya makaburi ya kujengewa, kisha uchakavu huohuo, uliozaliwa na sheria ya jiji, ukaletwa mbele ya wapigakura kuwa ushahidi kwamba makaburi ni kero. Watetezi wa Laurel Hill walijibu kwamba hapo walilala waasisi wa California, akiwemo Seneta David Broderick, mpinzani wa utumwa aliyeuawa mwaka 1859 na jaji wa zamani David Terry katika pambano la bastola, ambalo lilikuwa desturi ya mahasimu wawili kufyatuliana risasi kwa makubaliano. Mvutano huo wa mahakamani na kwenye masanduku ya kura ulichukua zaidi ya miaka ishirini, hadi wapigakura walipouamua mwaka 1937 kwa kuidhinisha uhamisho.

Mabaki ya watu wapatao 35,000 yalitolewa Laurel Hill na kupelekwa katika makaburi ya Cypress Lawn huko Colma, ambako wengi walizikwa kwa pamoja chini ya tuta moja. Mifupa ilihamishwa bila ndugu kudaiwa malipo, lakini aliyetaka jiwe lake alipaswa kuligharimia mwenyewe, sharti lililokuwa la kikatili kwa marehemu ambao jamaa zao walikwisha kufa au kutawanyika. Mawe yasiyodaiwa yakawa kifusi: mengine yalimwagwa ufukweni kuzuia mawimbi, mengine yakapasuliwa na kupangwa kwenye mifereji ya maji ya mvua katika bustani ya Buena Vista, ambako baadhi ya vipande bado vinaonyesha herufi na tarakimu za tarehe upande wa juu. Mwaka 1986 mawe ya namna hiyohiyo yalitumika kujenga Wave Organ, ala ya mabomba inayotoa sauti kwa nguvu ya bahari, ambayo watalii huketi juu yake kusikiliza.

Baadhi ya wafu waliachwa walipo, na katika miaka ya 1990 ukarabati wa jumba la sanaa la Legion of Honor ulifukua mamia ya mifupa ya makaburi ya jiji, yaliyowahifadhi hasa maskini. Mwaka 2016 mafundi waliokuwa wakifanya kazi chini ya nyumba moja walikuta jeneza la chuma lenye vioo, na ndani yake mtoto wa kike aliyefariki mwaka 1876, akiwa amesahauliwa makaburi ya Odd Fellows yalipohamishwa. Jina lake lilipatikana mwaka uliofuata, baada ya ramani ya zamani ya makaburi kulinganishwa na mitaa ya sasa na vinasaba vya nywele zake kuoana na vya ndugu aliye hai.