Karantini

Mwambie mkulima wa mpunga wa kijiji cha Mbingu “kaa karantini” wakati wa kuamia ndege, naye atasikia kifungo. Simlaumu: nani atamlindia shamba? Neno lilianzia Venice, kwenye siku 40 ambazo meli zilisubirishwa kwa hofu ya tauni. Machi 2020 Tanzania iliwataka wasafiri kutoka nchi zilizoathirika zaidi na korona wakae karantini siku 14, kwa gharama zao wenyewe. Ila karantini si kifungo: mfungwa ana kosa. Wa karantini hana. Katiba, ibara ya 17, inalinda uhuru wa kwenda utakako. Ya 30 inaruhusu sheria (sheria, si hasira za mtaa) iupunguze kwa ajili ya afya ya jamii. Wahariri, andikeni “amewekwa karantini”, msiandike “amefungiwa”.