Udhihirishaji wa Kimeng'enya: Figo Nzima na Figo Yenye Saratani

Msafiri akitoka Kenol, kaunti ya Murang'a, akapita Sagana na Nyeri hadi akafika Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, atavuta hewa yenye oksijeni inayokaribia nusu ya ile ya Mombasa. Jeni zake zitabaki zile zile, ila nyingine zitaamka. Figo zake, kwa mfano, zitaongeza homoni ya kuhimiza utengenezaji wa chembe nyekundu za damu.

Kuamka huko ndiko udhihirishaji: seli huisoma jeni na kuunda protini yake. Protini hiyo ikiwa ya kuharakisha mabadiliko ya kikemia, ni kimeng'enya, au enzaimu kama wengi wasemavyo hospitalini. Wapo wanaoandika "usemi wa jeni", lakini jeni haisemi kitu. "Kudhihirisha" kunafaa zaidi, kwa kuwa kilichokuwa kimejificha ndani ya DNA sasa kinaonekana na kupimika.

Mirija ya figo yenye afya hudhihirisha kwa wingi kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhaidresi, aina ya 2, ambayo husaidia kurudisha bikaboneti kwenye damu ili asidi isizidi. Aina ya 9 haipatikani humo. Kwao ni kwenye utando wa tumbo na kifuko cha nyongo. Katika saratani ya figo ya seli angavu, inayoongoza kwa watu wazima, aina hiyo ya 9 hufurika.

Chanzo ni jeni iitwayo VHL. Oksijeni ikitosha, VHL husaidia kuangamiza protini ya HIF. Oksijeni ikipungua, HIF husalia na kuziamsha jeni za dharura, ikiwemo ya aina ya 9. VHL ikiharibika, HIF haiguswi: uvimbe unaishi Lenana, mgonjwa yuko Kenol. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walitunukiwa Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua jinsi seli zinavyohisi oksijeni.

Maabarani, kipande chembamba cha uvimbe hutiwa kingamwili inayonasa aina ya 9, kisha rangi. Chini ya hadubini, seli za saratani huonekana zimezungushiwa mstari wa kahawia, na mirija mizima iliyo kando haishiki rangi hiyo.

Basi ripoti ikisema kimeng'enya "kimedhihirishwa", mgonjwa asidhani amerithi jeni ngeni. Jeni ya aina ya 9 kila mtu anayo. La kumuuliza daktari ni hili: kimedhihirishwa katika seli zipi, na kwa kiasi gani?