Vipimo vya nyumbani: tahadhari kwa mizigo ya Bandari ya Bujumbura

Mashine za kupima presha na sukari nyumbani ni bidhaa ndogo, lakini zinadai uangalifu njiani. Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, kisha kwa meli hadi Bandari ya Bujumbura, hupakuliwa na kupakiwa zaidi ya mara moja.

Presha: Wataalamu wa afya hupendekeza mashine ya kufunga juu ya kiwiko kuliko ile ya kifundo cha mkono. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono wa mgonjwa, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Hivyo ni vyema kuagiza mikanda ya saizi tofauti.

Sukari: Stripu nyingi hutakiwa kutunzwa chini ya nyuzijoto 30, chupa ikiwa imefungwa. Kontena likiachwa juani, joto hupita kiwango hicho. Stripu iliyoharibika kwa joto au unyevu haionekani kwa macho, ila hutoa namba ya uongo, na mgonjwa anaweza kujidunga insulini kwa dozi isiyo yake. Aidha, stripu za mashine moja hazitumiki kwenye mashine ya aina nyingine.

Homa: Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuagiza na kuuza nje vipimajoto vya zebaki.

Forodha: Mashine za presha huingia kifungu 9018, vipimajoto 9025 na stripu 3822. Zitenganishwe kwenye ankara.