Sunday Manara ‘Computer’: Fundi wa Jangwani aliyetangulia Ulaya

Machi 1, 2020, Mbwana Samatta alifunga bao kwenye Uwanja wa Wembley, London, akiwa na Aston Villa kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa ililala 2-1, lakini Tanzania nzima ililala na furaha.

Siku ile wengi walisema njia ya Ulaya imefunguka. Ukweli ni kwamba ilishakanyagwa zaidi ya miaka 40 kabla, na Mtanzania aliyetokea Yanga, pale Jangwani, Kariakoo.

Anaitwa Sunday Manara. Mtaani wanamwita ‘Computer’.

Huyu ndiye anayetambulika kama Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Jina lake linajulikana na kila shabiki mwenye mvi wa Yanga na Simba, ila vijana wengi wanamjua kama baba wa Haji Manara tu. Hapa tunakuletea safari yake, na kwa nini hesabu zake bado hazijafungwa.

Ndugu watatu Jangwani

Ukisimama viwanja vya Mnazi Mmoja na kuupa mgongo mji wa maghorofa, mbele yako ni Kariakoo. Ndani ya eneo hilo, klabu mbili kubwa za Tanzania zimekaa kwa umbali wa kutembea kwa miguu: Simba ipo Mtaa wa Msimbazi, Yanga ipo Jangwani.

Yanga ilianzishwa 1935. Simba ilifuata 1936, ikapitia majina kadhaa likiwemo Sunderland, hadi ilipochukua jina la Simba mwaka 1971. Hii ndiyo mechi inayoitwa leo Dabi ya Kariakoo.

Familia ya Manara imeandika jina lake kwenye dabi hiyo kwa vizazi. Kaka mkubwa, Kitwana Manara ‘Popat’, alikuwa mmoja wa wafungaji Yanga ilipoitandika Sunderland 5-0, Juni 1, 1968. Mdogo, Kassim Manara, naye aliivaa jezi ya kijani na njano.

Katikati yao alikuwa Sunday. Kitwana alitangulia kupata jina, Sunday akaja kulipeleka mbali zaidi.

Dakika ya 97 pale Nyamagana

Ukimuuliza mzee wa Yanga mechi moja ya kumkumbuka Sunday, kuna uwezekano mkubwa atakutajia Mwanza.

Agosti 10, 1974, Yanga na Simba zilikutana Uwanja wa Nyamagana kuamua bingwa wa Tanzania. Simba ilitangulia mapema, dakika ya 16, kwa bao la Adam Sabu. Muda ukaenda. Simba ilikuwa ndiyo bingwa mtetezi, na mwaka huohuo ilikuwa tishio Afrika, ilifika hadi nusu fainali ya Klabu Bingwa.

Zikiwa zimebaki dakika tatu mpira uishe, Gibson Sembuli akasawazisha. Mechi ikaenda muda wa nyongeza. Dakika ya 97, Sunday Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Kombe likarudi Jangwani.

Mwaka uliofuata timu hizo zilikutana tena, safari hii Zanzibar, kwenye fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Yanga ikashinda 2-0. Hicho ndicho kizazi cha Sunday, na wazee wa Jangwani wanakitaja mpaka kesho.

Kwa nini ‘Computer’?

Jina lilitokana na kichwa chake. Sunday alisifika kwa kufikiri haraka uwanjani, kupiga hesabu ya pasi na chenga kabla beki hajajua kinachoendelea.

Lakini jina hilo lina upande mwingine ambao vijana hawaujui. Kompyuta ya kwanza nchini iliingia mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974, mwaka uleule wa Nyamagana, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zilikumbwa na katazo hilo.

Yaani mashabiki walimpa mchezaji wao jina la mashine ambayo wengi hawakuwahi kuiona kwa macho, na ambayo nchi ilikuwa imeifungia mlango. Walichojua ni kwamba ni kitu kinachofikiri haraka kuliko mtu. Hiyo iliwatosha.

Yanga yapasuka

Baada ya raha ya 1974 na 1975, mambo yaliharibika Jangwani. Katikati ya miaka ya 1970 klabu iliingia kwenye mgogoro mzito ulioigawa vipande. Wanachama na wachezaji waliondoka, na kutokana na mpasuko huo ikazaliwa klabu mpya, Pan African.

Yanga ilichopoteza kinaonekana ukitazama orodha ya mabingwa. Baada ya ubingwa wa 1974, haikuuchukua tena hadi 1981. Mwaka 1975 ulikwenda kwa Mseto ya Morogoro, kisha Simba ikabeba mara tano mfululizo, kuanzia 1976 hadi 1980.

Kidonda kikubwa zaidi kilikuja Julai 19, 1977. Simba iliichapa Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akapiga mabao matatu peke yake. Kizazi cha Nyamagana kilikuwa kimeshatawanyika.

Na Pan African? Mwaka 1982 ilichukua ubingwa wa Tanzania. Vipaji vilikuwepo, ila havikuwa tena chini ya paa moja.

Kutoka Jangwani hadi Almelo

Ni katika nusu hiyo ya pili ya miaka ya 1970 ambapo Sunday alivuka. Alitua Heracles, klabu ya mji wa Almelo, mashariki mwa Uholanzi. Ni mji mdogo uliojengwa na viwanda vya nguo, na klabu yake ni ya tangu 1903. Wakati huo ilikuwa ligi ya daraja la pili.

Kuna watu watasema daraja la pili si kitu. Waangalie muda wenyewe. Ajax ilikuwa imetoka kubeba Kombe la Ulaya mara tatu mfululizo, 1971, 1972 na 1973. Uholanzi ilicheza fainali ya Kombe la Dunia 1974, ikacheza tena 1978. Hiyo ndiyo nchi iliyokuwa inafundisha dunia mpira, na kijana wa Yanga alikwenda kukipiga huko.

Tukumbuke pia alikotokea. Soka la Tanzania lilikuwa la ridhaa. Mchezaji alikuwa na ajira yake, na mpira ulikuwa baada ya kazi. Hakukuwa na mawakala waliozagaa viwanjani, wala video za kumtumia kocha wa Ulaya kwa simu.

Baada ya Uholanzi alivuka Bahari ya Atlantiki na kuichezea New York Eagles, timu ya ligi iliyoitwa American Soccer League. Marekani ilikuwa kwenye joto la soka baada ya Pele kuichezea New York Cosmos kati ya 1975 na 1977, ingawa Cosmos ilikuwa ligi nyingine ya juu zaidi.

Alirudi tena Ulaya, akaichezea St. Veit ya Austria. Kassim naye alipata maisha ya soka katika nchi hiyohiyo. Kisha Sunday akaenda Ghuba, akavaa jezi ya Al Nasr ya Dubai.

Ihesabu mwenyewe: Tanzania, Uholanzi, Marekani, Austria, Dubai. Leo mchezaji akipita nchi tano, simu yako inakupa taarifa kila anaposaini mkataba. Enzi za Sunday, habari zilifika kwa gazeti, redio, barua au mtu aliyetoka safari.

Mlango ulifunguka, foleni haikufuata

Hapa ndipo penye swali gumu. Kama Mtanzania alicheza Ulaya miaka ya 1970, kwa nini tulisubiri hadi Januari 2020 kumwona Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya England?

Katikati hapo hapakuwa patupu. Renatus Njohole alicheza Uswisi. Nizar Khalfan alikwenda Vancouver Whitecaps ya Canada. Lakini walikuwa mmojammoja, kila mtu na bahati yake.

Linganisha na safari ya Samatta. Alitoka African Lyon akaenda Simba, na mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi ikamchukua. Kule alikaa karibu miaka mitano, akawa bingwa wa Afrika na mfungaji bora wa mashindano hayo mwaka 2015, kisha akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji.

Genk alichukua ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, na Novemba 2019 alifunga Anfield dhidi ya Liverpool kwenye Ligi ya Mabingwa. Villa ilikuja baada ya hapo.

Yaani Samatta alipanda ngazi: klabu ya nyumbani, klabu kubwa ya Afrika, ligi ya kati ya Ulaya, halafu England. Kila hatua ilimwandaa kwa inayofuata, na kila hatua kulikuwa na kamera inayomtazama.

Sunday hakuwa na ngazi, aliruka. Na aliporuka, nyuma yake hakuna aliyejenga ngazi ili mwenzake apite kirahisi. Hilo si kosa la mchezaji. Mtu mmoja anaweza kuonyesha kwamba inawezekana, lakini kuifanya iwe kawaida kunahitaji klabu, shirikisho, makocha wa vijana na watu wanaojua mikataba.

Jina la Manara lavuka Msimbazi

Kizazi kilichofuata cha familia hii kilileta kituko cha aina yake. Haji Manara, mtoto wa Sunday, hakuwa maarufu kwa miguu bali kwa mdomo. Na alianza kuvuma akiwa msemaji wa Simba, klabu ambayo baba yake aliiliza pale Nyamagana.

Mwaka 2021 Haji aliondoka Msimbazi na kwenda Yanga. Kwa mashabiki wa Simba ulikuwa usaliti. Kwa wazee wa Jangwani, mtoto alikuwa amerudi nyumbani.

Mabao ambayo hayana video

Ukitaka kuona bao la Samatta la Wembley, ni sekunde chache tu kwenye simu. Bao la Sunday la dakika ya 97 hulipati hivyo.

Sababu imeshatajwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mapema miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilipata kituo cha kwanza mwaka 1994. Miaka yote ya Kitwana, Sunday na Kassim pale Jangwani, taifa lilikuwa linasikiliza mpira kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Watu walimwona Computer kwa masikio.

Matokeo yake, urithi wake umebebwa na midomo ya watu, kwenye vijiwe vya kahawa vya Kariakoo. Na midomo hiyo inapungua. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ya Nyamagana, leo ameshavuka 60.

Kilichobaki kingine ni karatasi. Mwendo mfupi kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ipo Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa 1967. Magazeti ya enzi hizo, kama Uhuru na Daily News, ndiyo yaliyoandika nani kafunga, dakika ya ngapi na mbele ya nani.

Kazi ya kuyapekua na kuweka rekodi za wachezaji wa kizazi kile mahali pamoja ni ya vilabu na shirikisho, lakini inaweza kufanywa hata na mwanafunzi mwenye daftari na subira. Bila hivyo, kila miaka kumi tutakuwa tunamtangaza ‘wa kwanza’ mpya.

Samatta alistahili shangwe zote za Wembley. Ila siku nyingine mtu akikwambia yeye ndiye aliyetangulia Ulaya, mwambie arudi nyuma hadi Almelo.